Oksijeni Nyumbani: Kutoka Kutu ya Bati hadi Jiko la Mkaa

Ndugu wawili wakijenga, mmoja Mbeya na mwingine Kigamboni, wakaezeka kwa bati la geji moja kutoka kiwanda kimoja, baada ya miaka michache hawatakuwa tena na paa la aina moja. La Mbeya litakuwa limepauka tu. La Kigamboni, hasa kama dirisha linaiona bahari, litakuwa na madoa mekundu kuzunguka vichwa vya misumari na pale mabati mawili yanapolaliana. Oksijeni iliyoligusa bati la Mbeya ni ile ile iliyoligusa la Kigamboni. Popote uendapo ni takriban asilimia 21 ya hewa. Kilichotofautiana ni wasaidizi wake.

Kazi yenyewe, ambayo wanakemia huiita uoksidishaji, haikomeshwi katika dunia yenye hewa. Ndiyo inayokula nondo ndani ya zege, inayotia uchungu unga wa dona, inayolitia weusi parachichi lililokatwa, inayogeuza jani bichi kuwa majani ya chai, na ndiyo inayowaka jikoni. Lakini kasi yake tunaweza kuitawala kwa kiasi kikubwa, maana inategemea maji, chumvi, joto, mwanga na ukubwa wa eneo linaloguswa na hewa. Mwenye nyumba akijua yupi kati ya hao ndiye anayemharibia mali, hatapoteza fedha kupigana na asiyehusika.

Nini hasa hutokea

Oksijeni ni gesi yenye uroho wa elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi zilizomo katika kila atomu. Ikikutana na kitu kinachoziachia kwa urahisi, kama chuma, huzichukua na kuungana nacho. Hapo kitu hicho kimeoksidishwa, na mara nyingi kinachobaki hakifanani hata kidogo na kilichokuwepo: chuma kigumu kinakuwa unga mwekundu, gunia la mkaa linakuwa gesi isiyoonekana na jivu kidogo.

Mfaransa Antoine Lavoisier ndiye aliyelifafanua jambo hili, katika miaka ya 1770. Kabla yake wasomi wengi waliamini kwamba kitu kinachoungua kinapoteza kitu fulani. Yeye akashika mizani. Alipasha zebaki moto kwa siku 12 katika chombo kilichofungwa, akaona unga mwekundu ukijitokeza juu yake huku hewa ya ndani ikipungua, na hewa iliyobaki ikawa inazima mshumaa. Unga ule alipoupasha moto mkali zaidi, ulirudisha gesi iliyokuwa imetoweka. Gesi hiyo ndiyo aliyoipa jina la oksijeni. Kwa hiyo msumari wenye kutu, ukiupima pamoja na kutu yake yote bila kupoteza hata punje, ni mzito kuliko ulipotoka dukani.

Siku hizi wanakemia wameipanua maana ya uoksidishaji, na upo hata usioihusisha oksijeni. Bangili ya fedha inayopata weusi inashambuliwa zaidi na salfa iliyomo hewani na kwenye jasho. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe nayo hupokonya elektroni, na ndivyo inavyoua vijidudu na kufuta madoa. Dhahabu safi ndiyo inayokataa: kidani cha bibi kikitolewa sandukuni baada ya miaka 50 bado rangi yake ni ile ile.

Anayetaka kujionea pamoja na watoto atafute misumari mitatu ya kawaida, isiyopakwa zinki, na glasi tatu. Ya kwanza atie maji ya bomba, ya pili maji yenye chumvi, ya tatu maji yaliyochemshwa kwa dakika kadhaa kisha yamwagiwe mafuta ya kula juu yake mara tu msumari ukishawekwa. Kuchemsha hufukuza oksijeni iliyoyeyuka majini, na mafuta huizuia isirudi. Baada ya siku chache misumari ya glasi mbili za kwanza itakuwa na kutu, na ule wa tatu utakuwa karibu kama ulivyoingia, ingawa nao ulikuwa majini muda wote. Maji peke yake hayatoshi kuleta kutu, na hewa kavu peke yake haitoshi. Lazima vikutane.

Chuma na upepo wa bahari

Tone la maji likitua juu ya chuma, sehemu moja ya chuma huachia elektroni na kuyeyuka kidogo kidogo. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi ukingoni mwa tone, penye oksijeni nyingi, na mzunguko unakamilika. Huo ni umeme, mdogo sana lakini usiolala. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme huo vizuri zaidi, na kloraidi iliyomo hutoboa tando nyembamba zinazokinga metali. Kusi ikivuma, hurusha vinyunyizo vya bahari hadi kwenye nyumba ambazo hazijawahi kuguswa na wimbi, na chumvi ikishatua juu ya bati huvuta unyevu wa usiku.

Bati letu ni karatasi ya chuma iliyovikwa zinki, na zinki hiyo haifanyi kazi ya kufunika tu. Panapotokea mkwaruzo, zinki iliyo jirani hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Mabaharia wanalijua hili: vyombo vingi vya chuma hufungwa vipande vya zinki chini ya maji, vikiisha hubadilishwa. Mwingereza Humphry Davy alilipendekeza wazo hili kwa jeshi la wanamaji la nchi yake mwaka 1824, ili kulinda mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya merikebu. Shaba ikapona kweli. Lakini shaba isiyoyeyuka haiwatii sumu viumbe wa baharini, basi viumbe wenye magamba wakajigandisha kwa wingi na merikebu zikapoteza mwendo. Kemia ilikuwa sahihi, merikebu ndiyo haikufurahi.

Ukienda kununua mabati, kumbuka kwamba namba ya geji husomwa kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba zaidi. Hilo wengi wanalijua. Wachache huuliza swali ambalo pwani ndilo kubwa zaidi: kila mita ya mraba ina gramu ngapi za zinki, au za mchanganyiko wa alumini na zinki? Alama kama AZ150 ina maana ya gramu 150 za mchanganyiko huo kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa; AZ70 ni chini ya nusu yake. Rangi nzuri juu ya mkono mwembamba wa zinki ni mapambo. Muuzaji asiyeweza kukuambia gramu wala kukuonyesha maandishi ya kiwanda, mshukuru na uende duka la pili.

Fundi naye aangaliwe. Bati likikatwa kwa grenda, cheche huunguza zinki kando ya mkato, na vumbi la chuma lililotapakaa juu ya paa huota kutu wiki ile ile na kuacha madoa. Mkasi wa bati unatosha. Misumari iwe ya zinki yenye mipira yake. Waya au bomba la shaba lisilale juu ya bati, wala maji yaliyopita kwenye shaba yasidondokee hapo, kwa sababu metali mbili tofauti zikiguswa na maji yale yale, moja huharakisha kuliwa kwa mwenzake, na shaba siyo itakayoliwa.

Kuna jambo linaloonekana kama kinyume: sehemu za paa na mageti zisizofikiwa na mvua mara nyingi ndizo huliwa kwanza. Mvua huosha chumvi. Chini ya upenu chumvi hutua na kubaki. Nyumba za karibu na bahari zifaidi ndoo chache za maji yasiyo na chumvi kwenye sehemu hizo, pamoja na mageti, nondo za madirisha na miguu ya tangi, kila baada ya wiki kadhaa. Ni matunzo ya bei ndogo kuliko rangi yoyote.

Kutu ikishaanza, kuipaka rangi juu yake ni kuificha. Itaendelea chini kwa chini, kisha rangi itafura na kubanduka. Ikwangue kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane, osha chumvi kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kabisa, na upake rangi ya kwanza siku hiyo hiyo kabla umande haujashuka. Ile rangi nyekundu ya kutangulizia ambayo mafundi huiita redi oksaidi, wekundu wake ni oksidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu yenyewe. Imeshaoksidika, haina tena cha kupoteza. Lakini haitoshi peke yake. Bila mikono miwili ya rangi ya juu, unyevu utapenya.

Nondo ndani ya zege

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu paa bovu humnyeshea mtu, lakini roshani mbovu humwangukia.

Ndani ya zege zuri nondo iko salama. Saruji hulifanya zege kuwa na alkali kali, pH ya 12 hadi 13, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba sana wa oksidi unaokikinga. Mambo mawili huuvunja utando huo: kaboni dioksidi ya hewani, ambayo hupenya polepole na kupunguza alkali kwa miaka mingi, na kloraidi ya chumvi, ambayo haina subira hiyo. Anayechanganya zege kwa mchanga wa ufukweni kwa sababu uko karibu na haulipiwi lori, au kwa maji ya kisima chenye chumvi, ameiingiza kloraidi kwenye nguzo siku ya kwanza ya ujenzi.

Kinachofuata si kupungua kwa nondo tu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi sita kwa kutegemea aina yake na maji yaliyomo. Nafasi hiyo ndani ya zege haipo, basi zege hupasuka. Dalili yake haijifichi: ufa ulionyooka ukifuata mstari wa nondo, doa la kahawia chini ya roshani, kisha kipande cha zege kinadondoka na nondo inaonekana ikiwa na magamba. Ufa wa plasta uliotapakaa huku na huku unaweza kuwa wa plasta tu. Huu ulionyooka usiupige lipu na kusahau. Mwite mhandisi, na mpaka afike, watu wasikae wala kuanika nguo chini yake.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo yasiyo na chumvi, maji yawe yale unayoweza kuyanywa, zege lishindiliwe lisiwe na matundu, na limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau. Halafu nondo isilale juu ya ubao wa fomu. Kwa majengo yanayopigwa na upepo wa bahari, zege linalofunika nondo liwe na unene wa sentimita 4 hadi 5, na njia ya kuhakikisha ni vile vipande vidogo vya zege ambavyo baadhi ya mafundi huviita biskuti, vinavyowekwa chini ya nondo kabla ya kumwaga. Siku ya kumwaga zege, mwenye nyumba asiyejua chochote kingine ainame tu aangalie kama biskuti zipo.

Sufuria ya alumini ni habari nyingine. Alumini huoksidika upesi kuliko chuma, lakini oksidi yake hushikamana na metali na kuifunika, basi kazi inaishia hapo. Ule weusi unaojitokeza baada ya kuchemsha maji kwenye sufuria mpya ni utando huo na madini ya maji, si uchafu wa kukwanguliwa kwa mchanga kila siku. Vyakula vikali kama ukwaju, ndimu na nyanya huuyeyusha, kwa hiyo usivilaze humo usiku kucha. Chuma cha pua nacho hukingwa na oksidi ya kromi, na ndiyo maana kikisuguliwa kwa waya wa chuma na kuachiwa vipande vyake, huota madoa ya kutu ambayo si yake. Misumari mikubwa ya shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ikiachwa hupoteza mng'aro na kuingia ukijani. Ndimu na chumvi huusafisha kwa sababu asidi huiyeyusha oksidi, ila sharti ioshwe vizuri baadaye, la sivyo chumvi iliyobaki itaanza kazi upya.

Mafuta, unga na matunda

Kando ya barabara kuu inayopita Singida, chupa za mafuta ya alizeti hupangwa juani na kumulikwa zikapendeza. Mkemia akizipita hufumba macho. Chupa ni angavu, jua ni la mchana, na mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi nyingi ya linoleiki, ambayo molekuli zake zina sehemu dhaifu ambapo oksijeni hujipachika. Mwanga na joto huanzisha kazi hiyo, na ikishaanza hujiendesha yenyewe. Ndiyo sababu mafuta hukaa sawa kwa muda mrefu, kisha ndani ya siku chache yanabadilika: harufu inakaribia ya rangi ya kupaka, na yakimezwa yanakwaruza koo. Mafuta ya nazi, ambayo takriban asilimia 90 ya asidi zake hazina sehemu hizo dhaifu, huvumilia zaidi.

Basi nunua chupa iliyokaa kivulini, iweke kabatini mbali na jiko, ifunge kila mara, na usiongeze mafuta mapya kwenye chombo chenye mabaki ya zamani, maana mabaki hayo huyaambukiza mapya. Sheria hiyo ndiyo inayovunjwa zaidi kwenye makarai ya chipsi. Mafuta yaliyotumika kukaangia mara nyingi yakawa meusi, mazito, yanatoa povu na moshi kabla hata hayajapata moto sawasawa, kuyaongezea lita moja mpya hakuyaponyi. Kumwagwa ndiyo dawa yake.

Unga wa dona huwasumbua wengi. Punje ya mahindi ikiwa nzima, mafuta yake yamehifadhiwa ndani ya kiini. Mashine ikiisaga, mafuta yanatapakaa kwenye vumbi lote, na eneo linaloguswa na hewa linaongezeka mno. Sembe hukaa muda mrefu kwa kuwa kiini kimeondolewa, na pamoja nacho sehemu kubwa ya vitamini na mafuta mazuri. Kwa hiyo anayependa dona asage kidogo kidogo, ya wiki mbili au tatu, aiweke mahali pakavu na baridi, asijaze debe la miezi mitatu. Karanga zilizomenywa, korosho zilizobanguliwa na dagaa wakavu wenye mafuta hufuata kanuni hiyo hiyo. Lakini uchungu wa mafuta usichanganywe na sumukuvu. Sumukuvu hutokana na ukungu wa mahindi au karanga zilizohifadhiwa na unyevu, haina ladha wala harufu, na kupika hakuiondoi. Unga usio mchungu si lazima uwe salama kama mahindi yake yalikuwa na ukungu.

Parachichi, ndizi, biringanya na viazi vikikatwa huwa vyeusi kwa njia nyingine: kisu huvunja seli, na vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na oksijeni. Weusi huo haudhuru, unakera macho tu. Ndimu huzuia vimeng'enya hivyo, maji huzuia hewa, na karatasi laini ya plastiki ikigandamizwa juu ya parachichi lililopondwa huzuia vilevile. Kuiacha mbegu katikati ya bakuli husaidia pale tu inapofunika, si zaidi ya hapo. Mboga za majani zinastahili haraka kubwa zaidi, kwa kuwa vitamini C huoksidika na pia huyeyuka majini: osha mchicha kabla ya kukata, ukate karibu na kupika.

Viwandani Kericho au Mufindi kazi hiyo hiyo inayoharibu biringanya ndiyo inayolipwa mshahara. Chai ya kijani na chai nyeusi hutoka kwenye mmea mmoja. Ya kijani, jani hupashwa moto mapema ili kuua vimeng'enya. Ya nyeusi, jani hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa kwenye hewa yenye unyevu kwa saa moja hivi au zaidi, likitoka ukijani kwenda rangi ya shaba huku harufu ya majani mabichi ikigeuka kuwa ya chai. Ndipo huingizwa kwenye kikaushio, na moto unasimamisha kila kitu. Likichelewa, kikombe kinakosa uchangamfu.

Chupa ya klorini na vidonge vya dukani

Dawa ya klorini ya nyumbani ina nguvu ya kuoksidisha bila kuchagua. Itaua vijidudu na kutoa doa, lakini pia italila sinki la chuma cha pua ikiachwa humo, na itaozesha uzi wa nguo ikizidi. Hatari halisi ni kuichanganya. Ikikutana na siki, ndimu au asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ikikutana na dawa zenye amonia hutoa gesi nyingine kali. Choo kisafishwe kwa dawa moja, kisuuzwe, ndipo nyingine itumike ikibidi.

Ndani ya mwili nako chakula huoksidishwa polepole kutoa nguvu, na katika kazi hiyo huzalika chembe korofi ambazo mwili una njia zake za kuzidhibiti. Matangazo ya vidonge yamelidaka jambo hili na kuuza antioksidanti kana kwamba mtu ni bati. Mwaka 1994 matokeo ya jaribio la nchini Finland lililohusisha wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 yalichapishwa: waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, si kidogo, kwa takriban asilimia 18. Matunda na mboga vinabaki kuwa chakula bora. Vidonge vya dozi kubwa bila ushauri wa daktari, fedha hiyo inunue maembe.

Uoksidishaji wa kasi

Moto ni kazi ile ile ikifanywa kwa kasi inayotoa joto na mwanga, na wakati mwingine kasi hiyo hujianzishia yenyewe. Mafuta ya kitani ambayo maseremala hupaka mbao hukauka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo hutoa joto. Juu ya meza joto linapotea. Ndani ya rundo la matambara yaliyolowa mafuta hayo halina pa kwenda, na rundo linaweza kuwaka bila kiberiti. Matambara hayo yatandazwe nje yakauke moja moja, au yatiwe kwenye chombo cha chuma chenye maji na mfuniko. Mbata nayo, ile nazi iliyokaushwa, imo kwenye orodha ya kimataifa ya shehena zinazoweza kujipasha moto zenyewe. Ndiyo maana haipaswi kurundikwa ghalani ikiwa na unyevu.

Kwenye jiko la mkaa kanuni yote tuliyoifuata mpaka sasa inapinduka. Huko kwenye bati na mafuta tulizuia hewa. Hapa hewa ikikosekana ndipo mauti. Mkaa ukipata oksijeni ya kutosha hutoa kaboni dioksidi. Ikipungua, uoksidishaji haukamiliki, na inatoka kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka ikiwa imejaa mzigo usio na faida.

Kosa linalorudiwa kila msimu wa baridi, Njombe, Limuru, Mbeya, ni kusubiri mkaa uwe mwekundu bila moshi, kisha kuuingiza chumbani kwa kuamini kwamba ubaya umekwisha. Moshi ulikuwa onyo. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa gesi hiyo saa nzima, na chumba kilichozibwa nyufa kwa nguo ili joto lisitoke huikusanya. Kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu vinaingia, miguu inakosa nguvu. Aliyelala hahisi hata hayo. Jenereta ndani ya duka lililofungwa hufanya hivyo hivyo, na gari linalounguruma katika gereji pia. Beseni la maji kando ya jiko, ambalo baadhi ya watu huliamini, haliiondoi gesi hii. Haiyeyuki majini kwa kiasi chochote cha maana. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kulala na jiko. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja na wakapata nafuu wakitoka nje, msitafute malaria kwanza, tafuteni jiko.

Ukimkuta mtu amezimia chumbani mwenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi bila wewe kukawia ndani, na umpeleke hospitali hata kama ameamka na kusema yuko sawa. Ukifika, waambie wahudumu waziwazi kwamba alikuwa na jiko la mkaa ndani. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa.